Ndago za Nyuma ya Nyumba

Nyumbani kwao Kimya watu walinong'ona mchana na kusema kwa sauti jioni. Si kwamba kulikuwa na siri. Baba alikuwa mlinzi wa ghala, kazi ya usiku, na kila asubuhi alirudi macho mekundu kama pilipili, akavua viatu mlangoni, akalala mpaka jua lipoe. Kwa hiyo tangu hajaota meno, mtoto yule alijua kwamba sufuria haitupwi chini, inawekwa taratibu. Mlango hausukumwi, unasindikizwa. Na ukijikwaa unalia kwa macho tu, mdomo unaubana. Majirani ndio waliompa jina la Kimya, likamganda. Hata shuleni akiulizwa swali alijibu kama anayeogopa kumwamsha mtu, darasa zima likaangua kicheko, naye akatamani ardhi ipasuke aingie.

Ni mahali pamoja tu ambapo maneno hayakumpa shida, napo ni kwenye karakana ya Mama.

Kusema karakana ni kuipamba. Kilikuwa chumba cha nyuma, dirisha moja, na sakafuni fremu ya mbao iliyotandwa nyuzi za katani kutoka ukuta huu hadi ule. Hapo Mama alifuma mikeka ya mafunjo. Alikaa juu ya sehemu iliyokwisha fumwa, ameshika chanuo, ule ubao mzito wenye matundu ambamo nyuzi zinapita. Ubavuni kwake, juu ya kigoda kilichochakaa, alikaa mchomekaji. Mchomekaji ana fimbo nyembamba yenye kijino. Anatia utepe wa funjo kwenye kijino, anaupitisha katikati ya nyuzi, anachomoa fimbo, na Mama anavuta chanuo: po! Utepe mmoja umekaa. Mwingine. Po! Ukiwa mchomekaji, magoti yako na ya Mama yanakaribia kugusana, na vichwa vinainama pamoja.

Na hapo ndipo Mama alipokuwa Mama. Jikoni hasemi, sokoni hasemi, lakini akishika chanuo ulimi unamlegea. Alinong'ona mambo ya kuchekesha mpaka Kimya anauma kola ya gauni ili asicheke. Alimsimulia jinsi Baba alivyokuja kuposa akakalia kiti kilichopakwa rangi, akaaga kinyumenyume hadi barabarani. Alimsimulia jinsi Kimya mwenyewe, alipokuwa mdogo, alivyokimbizwa na bata wa jirani na kujificha ndani ya pipa la maji, wakamtafuta mtaa mzima, na bata amesimama pembeni kama askari wa zamu. Kimya hakuwa na rafiki shuleni, wala hakumhitaji. Alikuwa na kigoda.

Siku moja, zamani kidogo, Mama alimpa kijiti kibichi.

"Kisugue kwa vidole. Unasikia nini?"

"Kina pembe."

"Ngapi?"

"Tatu."

"Basi hiyo si nyasi. Nyasi ukiizungusha inazunguka tu kama mtu asiye na msimamo. Hii ni ndago ya jangwani. Ukoo wao wote wana pembe. Mafunjo ya bwawani ndiye kaka mkubwa, mrefu, anapenda maji na sifa. Ndago ya bustanini ni yule ndugu anayekuja kwenu bila kualikwa, ukimtoa mlangoni anaingia dirishani. Na huyu wa mchangani ni mdogo, mgumu, na hana maneno mengi."

Kimya alikipenda kile kijiti siku hiyohiyo.

Nyuma ya nyumba kulikuwa na kilima cha mchanga, na ndago hizo zilikijaa mgongoni kama nywele ngumu za kipilipili. Mama alizitumia kwenye pindo za mikeka tu, kwa kuwa hazikatiki ovyo. Sheria yake haikuwa na mjadala: kata kwa kisu juu ya mchanga, nusu ya shina, nusu iache. Using'oe hata moja.

Sasa, siku lori la Mjomba liliposimama mlangoni, Kimya alidhani ni mzigo wa mafunjo kama kawaida. Mjomba, kaka yake Mama, ndiye aliyeyaleta kutoka bwawani. Akashuka, akajinyoosha.

"Haya, dada, mafunjo yako hayo. Na bua moja la ziada, lenye kula!"

Bua lenyewe likashuka. Lilikuwa binti yake. Mama yake, muuguzi, alikuwa amehamishiwa mbali, na kule shule ilikuwa imejaa, hivyo angekaa hapa. Alikuwa mrefu, mikono mirefu, shingo ndefu, na kabla jua halijazama watoto wa mtaa walishamwita Ngazi. Angekuwa Kimya angelia wiki nzima. Yeye alicheka, tena kicheko cha kupasua bati.

Kimya akashtuka, akatazama mlango wa chumba cha Baba. Ulifunguka. Baba akatoka na shuka lake, nywele zimesimama. Kimya akasema moyoni, leo ndio leo, mtu atapewa somo.

"Nani huyo anacheka?"

"Mimi," Ngazi akasema. "Samahani."

"Samahani ya nini? Mwache acheke," Baba akamwambia Mama. "Nyumba hii imekuwa kama chumba cha mtihani."

Kimya alibaki mdomo wazi. Miaka yote hiyo alimeza kicheko, alimeza kilio, hata chafya alizimeza! Kumbe ruhusa ilikuwepo, ila si yake.

Mjomba akamkonyeza. "Usinune, mpwa wangu. Binti yangu ni funjo, wewe ni ndago ya jangwani. Mfupi, mkavu, na hung'oki!"

Watu wazima wakacheka. Kimya akatazama vidole vya miguu yake.

Hayo angeyavumilia. Kisichovumilika kilikuja na msimamizi wa maktaba, mwanamke mwenye miwani ya kamba, aliyetaka mkeka wa chumba cha watoto, wa ukuta hadi ukuta, usio na kiungo katikati. Mama hakuwahi kufuma mkeka mpana hivyo. Alitanda nyuzi upya, fremu ikajaza chumba, akachonga fimbo mpya ndefu. Kimya akakaa kwenye kigoda chake, akasukuma. Fimbo ikayumba katikati, utepe ukanasa. Akajaribu tena, ukanasa. Jasho likamtoka mpaka puani.

"Hebu tumjaribu Ngazi," Mama akasema, kwa upole wa mtu anayeomba chumvi.

Ngazi akakaa. Akanyoosha mkono, fimbo ikapita kama nyoka kwenye majani, ikatokea upande wa pili.

"Heee!" Mama akasahau kunong'ona. "Mikono hiyo umeitoa wapi?"

"Kwa baba, shangazi. Yeye anafunga mlango wa abiria huku ameshika usukani."

Po! likalia chanuo.

Kimya akahamishiwa uani, kuchagua tepe na kuzipanga kwa urefu. Kazi muhimu, Mama alisema, na ni kweli ilikuwa muhimu. Lakini ua na karakana vilitenganishwa na pazia tu, na kupitia pazia lile alisikia mnong'ono wa Mama, pspsps, kisha kimya kidogo, kisha kicheko cha Ngazi kikilipuka. Maneno yenyewe hakuyasikia. Bora angeyasikia! Kila kicheko kilimpita moyoni kama mchanga unavyopita ndani ya kiatu: haukuui, lakini haukupi raha hatua hata moja. Aliomba Ngazi apate mafua. Mafua madogo tu, yasiyodhuru, ila yenye makamasi ya kutosha mtu asiweze kuinama.

Ngazi hakupata hata chafya. Tena alikuwa na moyo mzuri, na hilo ndilo lililochoma zaidi, maana mtu mbaya unaweza kumchukia ukapumzika. Jioni wakiosha vyombo, alimgonga Kimya kwa kiwiko.

"Binamu, wewe! Shangazi kaniambia ulivyojificha kwenye pipa la maji! Eti bata kasimama hivi," akakaza shingo yake ndefu, akawa bata kweli, "anasema, toka tukuone!"

Akacheka mpaka akamwaga maji. Kimya alisugua sufuria ileile iliyokwisha takata. Bata wake! Hata bata amepewa!

Siku chache baadaye mkeka ukafika kwenye pindo. Kwenye pindo kijiti cha ndago kinazungushwa kwenye kamba ya pembeni, kinarudi, kinafungwa fundo. Lakini mkeka huu ulikuwa na kamba nene, na vijiti vikawa vifupi. Kila vikifungwa, vinachomoka.

"Laiti zingekuwa ndefu kidogo tu," Kimya alimsikia Mama nyuma ya pazia. "Kiasi cha kidole. Sijui nifanyeje."

"Tutafanyaje, shangazi?" Ngazi akauliza.

Lile "tutafanyaje" ndilo lililomwinua Kimya. Tutafanyaje! Tangu lini kuna "sisi" humo ndani? Yeye ndiye anayejua ndago. Yeye ndiye anayejua kwamba chini ya mchanga kijiti hakiishi, kinaendelea, cheupe na laini, zaidi ya kidole. Alichukua gunia, akazunguka nyuma ya nyumba, akapanda kilima.

Kisu alikuwa nacho mfukoni. Alikitazama, akakirudisha. Akashika shina la kwanza kwa mikono miwili, akavuta. Lilikataa. Akaegemea nyuma kwa uzito wake wote, likatoka ghafla, akaketi kitako. Mizizi yake ilikuwa minene kwa mchanga, imevaa mchanga kama soksi, hata akiikung'uta hautoki. "Hung'oki, eti?" akanong'ona. Akavuta jingine. Alipofika la kumi hivi hakuwa anafikiria tena mkeka wala maktaba. Alikuwa anafikiria kile kicheko. Vuta. Vuta. Alipokata vijiti virefu na kuitupa mizizi, na vile vifupi vikiwa bado juu yake, kwenye lundo la takataka uani, mgongo wa kilima upande wa dirisha ulikuwa umenyolewa kipara.

Mama alivipokea vile vijiti virefu, akavipapasa hadi kwenye weupe wa chini.

"Umekata karibu sana na mchanga. Hukung'oa, eti?"

Kimya akatikisa kichwa. Alijiambia kwamba kutikisa kichwa si kusema uongo, maana hakusema.

"Basi umeniokoa, mwanangu. Ngazi, mpishe mwenzako kidogo. Pindo ni kazi ya vidole vifupi."

Akarudi kwenye kigoda! Magoti yakagusana, vichwa vikainama. Kimya alifunga mafundo kama anayeshona nguo ya malaika. Mama akaanza mnong'ono wake, "Unajua, ulipokuwa mdogo..."

"Ile ya bata!" Ngazi akadakia kutoka pembeni. "Irudie, shangazi, irudie!"

Mama akacheka, akageuza shingo upande wa Ngazi, na hadithi ikasimuliwa kuelekea huko. Kimya akakaza fundo mpaka kijiti kikakatika.

Kesho yake vijiti vilipopungua, Mama alimtuma Ngazi kilimani. Ngazi alikata vichache kwa kisu, kama alivyoagizwa, akarudi akisema huko juu kuna mashimo mengi, labda ni panya. Kimya akainamia fundo lake.

Halafu upepo ukaja. Haukuwa upepo wa kutisha, ni ule wa kila mwaka, unaofungua kanga kwenye kamba na kuwafumbisha watu macho. Miaka yote kilima kiliupokea kikatulia. Safari hii wasichana walirudi kutoka shule wakakuta kimehama. Kimeshuka, kimepiga magoti ukutani, kimesukuma ubao wa dirisha, kimemwagika karakana nzima. Mama alikuwa amechuchumaa juu ya mkeka wa maktaba, mchanga umemjaa hadi kwenye nyusi, anaukomba kwa kipande cha kadi.

"Mchanga ukikaa katikati ya tepe utazisaga," alisema bila kuinua macho. "Nusu hii itabidi tuifumue."

Kisha akatoka, akapanda kilichobaki cha kilima. Walimfuata. Alisimama mbele ya mashimo, yale ambayo bado hayajafukiwa, akatia vidole katika moja. Mama akageuka, na hakumtazama yeye. Alimtazama Ngazi.

"Ngazi, mama," akasema, kwa ile sauti. Ile ya karakana. "Si kosa lako. Wewe ni mgeni wa mchanga, hukujua. Ukizing'oa, hakuna kinachobaki cha kuushika. Nilipaswa kuja na wewe."

Ngazi akafungua mdomo. Akamtazama Kimya, akaona uso wake, na ukweli wote ukamwingia hapohapo kama mwanga unavyoingia dirishani. Akafunga mdomo. Akainamisha shingo yake ndefu.

"Nisamehe, shangazi."

Na Mama akamvuta, akamlaza kichwa begani, akawa anampangusa mchanga nyweleni.

Kimya angeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote, na hapa kungemwokoa bure, bila jasho. Lakini kuona bega lile! Kigoda amechukua, minong'ono amechukua, bata amechukua, na sasa hata kosa, kosa alilolifanya yeye kwa mikono yake miwili na malengelenge yake, nalo apewe Ngazi, tena lije na kukumbatiwa!

"NI MIMI!"

Kuku wa jirani waliruka. Kimya mwenyewe alitazama nyuma kuona ni nani aliyepiga kelele.

"Ni mimi niliyeng'oa! Zote! Yeye hata kung'oa hajui! Na kigoda ni changu, na bata ni wangu!"

Mlango wa nyumba ukafunguliwa kwa kishindo, Baba akatoka mbio, shuka kiunoni, rungu mkononi. "Yuko wapi? Kapita wapi?"

"Hakuna mwizi," Mama akasema. "Ni mwanao."

"Mwanangu yupi mwenye sauti hiyo?" Akamtazama Kimya, akashusha rungu. "Wewe? Kumbe unayo!"

Ngazi alikuwa amejichomoa begani. "Kigoda?" akauliza, macho yamemtoka. "Binamu, kigoda kile kinanivunja mgongo kama nini! Kila nikiinama magoti yananigonga kidevu. Kwa nini hukusema?"

Kimya akafungua mdomo. Machozi yalikuja kwanza, kisha sauti, kilio cha kweli, cha mdomo wazi, hata kamasi likashiriki. Mama alimwacha alie mpaka mwisho. Hakumbembeleza.

"Umenidanganya kwa kichwa," alisema baadaye. "Hilo limeniuma kuliko mchanga. Na mkeka wa maktaba ataumaliza Ngazi. Mikono yako haifiki, na mimi sitakupa uongo wa kukufurahisha." Kimya akaitikia kwa kichwa, akakumbuka, akasema, "Ndiyo, Mama." "Mizizi uliitupa wapi?"

"Kwenye takataka."

"Kailete. Mmea huu haufi kirahisi."

Jioni hiyo, Baba akizoa mchanga karakanani kwa koleo na kulalamika kwamba ghalani hawamchoshi hivi, Mama na Kimya walipiga magoti kilimani na ndoo ya maji. Mama alichimba kwa mkono hadi penye ubichi, Kimya akaweka kichaka cha mizizi chenye soksi zake za mchanga, wakafukia, wakakandamiza. Kingine. Walitazamana, vichwa vimeinama. Baada ya vichaka kadhaa Kimya aligundua kitu: magoti yao yanakaribia kugusana. Na Mama, ambaye mikono yake ikishughulika ulimi unalegea, akaanza kunong'ona. Haikuwa ya bata wala ya rangi. Ilikuwa ya Mama mwenyewe, alipokuwa binti, na dada yake mkubwa aliyekuwa na nywele ndefu, na mkasi, na jinsi Mama alivyokuwa na wivu wa kula kucha. Kimya hakuwahi kuisikia. Hakuna aliyewahi kuisikia.

"Mama," alisema, "huku juu unaweza kusema kwa sauti. Baba ameamka."

Mama akasita. Akatazama huku na huku kama mtu aliyekutwa amevaa kiatu kimoja. Kisha akacheka, kicheko kipana chenye mkwaruzo, na Kimya akatambua kwamba hata hicho hakuwahi kukisikia.

Mara Ngazi akatokea chini, anapanda na ndoo ya pili, maji yanamwagika kila hatua.

"Mnaongea nini?"

"Hakuna," Kimya akajibu upesi.

Hakusogea. Mbele ya Mama palikuwa na nafasi ya mtu mmoja na nusu, naye akajitanua akawa mtu mmoja na nusu. Ngazi hakuonekana kujali. Alikaa upande wa upepo, akakunja miguu yake mirefu, na mgongo wake ukaziba mchanga uliokuwa ukimpiga Kimya machoni muda wote. Hata hilo, Kimya akafikiri kwa uchungu, hata kukaa vibaya anakaa vizuri!

Ngazi akachukua kichaka, akakidumbukiza shimoni kichwa chini.

"Si hivyo," Kimya akasema. Akamnyang'anya, akakigeuza, akamshika vidole virefu na kuviweka kwenye kijiti. "Papasa. Penye pembe tatu panakaa juu. Penye mchanga, chini."

"Tatu kweli!" Ngazi akashangaa. "Shangazi hajaniambia hiyo."

Kimya akamtazama Mama. Mama alikuwa anachimba, kama hasikii, lakini kona ya mdomo wake ilicheza. Kitu kidogo na kitamu kikamshuka Kimya kooni.

"Na ile ya bata," akasema, kwa sauti ambayo hata Baba na koleo lake waliisikia, "uliyosimuliwa ni nusu. Nyamaza sasa, nikusimulie mimi."

Ngazi akanyamaza.